Mnara nyuma ya nyumba, na kipimo kinachowaka taa nyekundu

SWALI

Assalamu alaykum,

Mimi ni mama mkaazi wa Langoni, hapa Lamu, katika nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba, mimi na kaka yangu. Ni nyumba ya mawe ya kale, vyumba vyembamba, kuta nene, na juu darini tumeezeka makuti. Huko ndiko tunakolala kaskazi ikizidi joto.

Mwaka jana jirani yetu alikodisha kiwanja chake na kampuni ikasimamisha busta ya simu. Hakuna aliyetuuliza. Tuliona mafundi wanachimba, na kabla hatujajua la kufanya mnara ukawa umesimama. Toka darini kwetu hadi hapo nakisia ni mita sitini. Chini yake kuna jenereta ambayo umeme ukikatika hunguruma mpaka alfajiri, na siku nyingine hunguruma hata umeme ukiwapo.

Binti yangu amekuja kujifungulia kwangu, hii ikiwa ndiyo mimba yake ya kwanza, ya miezi saba. Tangu aje kichwa kinamuuma, zaidi usiku, usingizi haupati, miguu imemvimba, na juzi aliniambia anaona vimulimuli mbele ya macho. Mwenyewe anasema ni mionzi ya mnara. Mpwa wangu alikuja kutoka Mombasa na kipimo alichoagiza mtandaoni. Alikiwasha darini kikaonyesha 1.2 na taa nyekundu. Simu yangu ilipolia karibu naye namba ikaruka hadi 6. Tangu hapo nyumba haina amani. Yeye anataka tubandike karatasi za foili chumbani kwa binti na tununue stika za kuzuia mionzi za kubandika kwenye simu. Kaka anasema tuuze nyumba kabla hatujapata saratani. Mimi na jirani hatusalimiani tena.

Naomba unieleze: kile kipimo kinasema kweli? Nani anaweza kutupimia tukamwamini? Na binti nimwondoe hapa?

Mama wa Langoni

JIBU

Waalaykumu salaam, mama.

Nianze na maneno uliyoyataja kwa kupita tu, kwa sababu ndiyo yaliyonishtua kuliko mnara wenyewe. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, tena ya kwanza, anayeumwa kichwa kisichoisha na anayeona vimulimuli, anatakiwa apimwe presha na mkojo leo hii. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Miguu kuvimba peke yake ni jambo la kawaida kwa wajawazito, lakini ikichanganyika na kichwa na macho, huenda ni mwanzo wa kile watu wanachokiita kifafa cha mimba. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi na mkojo ukaonyesha protini, madaktari wanajua la kufanya, na wakiwahi mama na mtoto huvuka salama. Mchukue mpaka hospitali ya King Fahd, ueleze dalili zote tatu kwa mpigo, na useme wazi kwamba anaona vimulimuli. Akiongeza maumivu ya juu ya tumbo, upande wa kulia chini ya mbavu, au uso na mikono ikavimba, msiitafute hata chai, nendeni.

Nasema haya kwa uchungu, maana nimeona jinsi hofu ya kitu kimoja inavyoficha kingine. Kila mtu nyumbani kwenu anautazama mnara, na hakuna aliyeitazama presha ya binti. Ukisharudi kutoka hospitali, endelea kusoma hapa chini.

Sasa kipimo cha mpwa wako. Ile 1.2, ikiwa kifaa chake ni kama vingi vinavyouzwa mtandaoni, ni volti 1.2 kwa mita, yaani nguvu ya uwanja wa umeme wa mawimbi ya redio mahali alipokishika. Muulize athibitishe kwenye kioo, kwa sababu kifaa hichohicho huweza kugeuzwa kionyeshe milivati au maikrovati kwa mita ya mraba, na hapo namba ileile huwa na maana nyingine kabisa. Tuchukulie ni volti kwa mita. Kuna tume ya kimataifa ya wanasayansi iitwayo ICNIRP, ambayo miongozo yake ya mwaka 1998, iliyopitiwa upya mwaka 2020, ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) huzielekeza nchi ziifuate. Kwa raia wa kawaida, mpaka wake katika masafa ya megahezi 900 ni takriban volti 41 kwa mita, sawa na wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Kwenye megahezi 1800 mpaka ni wati 9, na kuanzia megahezi 2000 kwenda juu ni wati 10. Ukigawanya 41 kwa 1.2 unapata kama mara 34. Lakini nguvu inayoingia mwilini hufuata mraba wa volti hizo, kwa hiyo kilichopimwa darini kwenu kiko chini ya mpaka kwa zaidi ya mara elfu moja. Hapo ndipo wengi hupotea, mwenye hofu na mtetezi wa kampuni vilevile: mmoja anasoma volti, mwingine anasoma wati, wanabishana hadi usiku na wote wanatazama kitu kimoja.

Na ile taa nyekundu? Huwaka kwenye kiwango alichokichagua mtengenezaji wa kifaa. Wengine hukiweka chini sana, na kifaa kinachowaka nyekundu kila pembe ya nyumba huuzika upesi. Taa si sheria wala si daktari. Soma namba na kipimo chake, taa iache.

Mpwa wako amekupa ushahidi mmoja mzuri bila kukusudia. Simu yako ilipolia, namba iliruka kutoka 1.2 hadi 6. Simu iliyo mkononi mwako, wati zake chache, ilikuwa na nguvu hapo ulipo kuliko mnara wote. Mawimbi hupungua upesi kwa umbali: umbali ukizidi mara mbili, nguvu kwa mita ya mraba hushuka hadi robo. Mnara una nguvu kubwa lakini uko mita sitini. Simu ina nguvu ndogo lakini iko sikioni. Pia inaonyesha kwamba ile 1.2 yenyewe haikuwa safi, kama simu za watu wote waliosimama hapo zilikuwa zimewashwa. Anayetaka kupima mnara huzima simu zote, huzima waifai, ndipo apime.

Mama, ujue pia jinsi antena zinavyotupa mawimbi. Zile sahani ndefu mnazoziona juu hazimwagi chini kama mvua. Hutupa mbele, kama kurunzi iliyoinamishwa kidogo sana. Antena iliyo mita thelathini juu, ikiinamishwa digrii tano, mkondo wake mkubwa hugusa ardhi zaidi ya mita mia tatu mbele. Ndiyo maana aliye chini kabisa ya mnara mara nyingi hupokea kidogo kuliko aliye mtaa wa tatu. Hapa Lamu nyumba zetu ni za ghorofa na madari yako wazi, kwa hiyo anayestahili kupimiwa kwanza si lazima awe aliye karibu zaidi. Ni yule ambaye dari lake linaelekeana na antena kwa urefu. Hilo lisemeni kwa atakayekuja kupima, maana mgeni anaweza kupima barabarani, akaandika kwamba mtaa mzima uko salama, asipande juu hata mara moja.

Kuta zenu nazo zina neno. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, huyazuia mawimbi mengi. Makuti hayazuii kitu. Kwa hiyo ndani ya ndani, kule chumbani, mnara hufika dhaifu kabisa, na simu ikikosa mtandao mzuri huongeza nguvu zake ili ifike mnarani. Binti akiongea saa nzima chumbani, simu sikioni, upau mmoja wa mtandao, anapokea zaidi kutoka simu yake kuliko akikaa barazani penye mtandao kamili. Sasa fikiria mkizungusha hizo karatasi za foili. Simu itahangaika zaidi, chumba kitakuwa tanuri, na mzazi mtarajiwa atakosa hewa. Msibandike. Stika za simu pia msinunue. Kama stika ingezuia mawimbi kweli, simu isingepiga, na ikizuia nusu, simu ingeongeza nguvu. Pesa hizo ni nauli ya kliniki. Akitaka kupunguza, atumie spika au waya wa masikioni, aongee mahali penye mtandao, aandike ujumbe badala ya kupiga, na simu isilale chini ya mto.

Kuhusu mtoto tumboni, miongozo ile haikumsahau. Mpaka wa raia umewekwa hivi: wanasayansi waliona kwamba mwili ukifyonza wati 4 kwa kila kilo, joto lake huweza kupanda kama digrii moja. Mfanyakazi wa mitambo akawekewa moja ya kumi ya hapo, na raia akawekewa moja ya hamsini, yaani wati 0.08 kwa kilo, kwa kuwafikiria watoto, wazee na wagonjwa. Na fundi mwanamke akishika mimba huhesabiwa kwa mpaka wa raia, kwa ajili ya aliye tumboni. Mawimbi ya minara hayana nguvu ya kuvunja chembe za uhai kama eksirei. Kilichothibitishwa ni kwamba yakizidi hupasha joto, na mpaka umewekwa mbali na joto hilo.

Saratani ambayo kaka yako anaihofu ina chimbuko lake, wala hakulitunga. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio katika daraja la 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani lakini ushahidi ni haba. Ushahidi uliowasukuma ulikuwa zaidi wa watu waliotumia simu sikioni kwa wingi, si wa wanaoishi karibu na minara. Katika daraja hilohilo umo utomvu wa jani zima la mshubiri. Mwaka 2024 mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na WHO hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Kwa minara, WHO ilishaandika mwaka 2006 kwamba vipimo vilivyokusanywa vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya mipaka. Mtandao umebadilika tangu wakati huo, antena zimeongezeka, na kwa sababu hiyohiyo nasema mpimiwe leo badala ya kusomewa takwimu za jana.

Haya, nani apime, na apimeje. Kampuni iliyojenga mnara mara nyingi si ile inayowauzia salio. Mnara mmoja hubeba antena za mitandao miwili au mitatu, na kila mmoja una masafa yake. Andikeni barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa mitandao, na nakala kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, muombe ripoti ya vipimo vya mnara huo na leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawapa haki ya kuomba, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Wasipojibu, mlalamikie Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Barua iwe ya wakaazi wengi. Mtu mmoja hupewa njoo kesho.

Ripoti ikija, au fundi akija, mambo haya ndiyo yanayotofautisha kazi ya kweli na ya kupiga picha. Kifaa chake kiwe na antena inayopokea kutoka pande zote tatu, si ya kuelekeza upande mmoja, na kiwe na cheti cha karibuni kinachoonyesha kimelinganishwa na kipimo cha kiwango. Asipime nukta moja akaondoka. Mawimbi ya megahezi 900 yana urefu wa kama sentimita 33, yakigonga ukuta au mabati hurudi na kuchanganyika, na ukisogeza kifaa shubiri moja namba huweza kupanda au kushuka sana. Kwa hiyo hupimwa urefu tofauti, kama mita 1.1, 1.5 na 1.7, na hutafutwa wastani. Kila mahali asimame dakika kadhaa: wastani wa dakika sita ndio uliozoeleka, na miongozo ya 2020 inataja dakika thelathini kwa mwili mzima. Apime mnapokaa na mnapolala: dari, kitanda cha binti, daka, uani, na chuoni wanakosoma watoto.

Saa ya kupima ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mnara hauna nguvu moja mchana kutwa. Asubuhi mji umetulia, baada ya isha kila mtu yuko kwenye simu, na namba hupanda. Fundi mzuri ana njia ya kuvuka tatizo hilo: hutumia kifaa kinachotenganisha masafa, hutafuta ishara ambayo mnara huituma muda wote bila kujali wanaopiga, kisha hukokotoa ingekuwaje mnara ukifanya kazi kwa nguvu zake zote. Muulizeni kwa maneno hayahaya: "Hii namba ni ya sasa hivi au ni ya mnara ukiwa umejaa?" Na kwa kuwa mitandao ni zaidi ya mmoja, aonyeshe sehemu ya kila masafa dhidi ya mpaka wake, halafu ajumlishe sehemu hizo. Jumla ikiwa chini ya moja, mko ndani ya mpaka. Ripoti isiyo na jumla hiyo irudisheni.

Kipimo cha mpwa wako msikitupe. Hakiwezi kushtaki mtu, lakini kinaweza kuwaonyesha ni pembe ipi ya dari ina namba kubwa, ili fundi aanzie hapo. Aandike tarehe, saa, mahali na urefu, simu zote zikiwa zimezimwa. Kijana anayependa vifaa apewe kazi yenye faida.

Kichwa na usingizi, nje ya yale ya presha, sitasema ni mawazo ya binti. Maumivu ni yake na anayajua. Ila watu wanaosema wanayasikia mawimbi wamejaribiwa mara nyingi, mtambo ukiwashwa na kuzimwa bila wao kujua, na hawakuweza kutambua ni lini umewashwa zaidi ya kubahatisha. Hofu yenyewe huumiza kichwa. Na kuna jingine kwenye barua yako ambalo kwangu ndilo lenye kesi: jenereta. Kanuni za kelele za NEMA za mwaka 2009 zinaweka mpaka wa desibeli 35 usiku katika makaazi ya watu. Jenereta ya dizeli karibu na ukuta wa jirani, ikinguruma mpaka alfajiri, hupita hapo kwa urahisi. Rekodini saa inapowashwa na inapozimwa, muiombe NEMA ije kupima kelele usiku, si saa nne asubuhi. Kampuni inaweza kulazimika kuifunga ndani ya kibanda cha kuzuia sauti, kuihamisha, au kutumia betri. Hilo mtalipata mapema kuliko kuondolewa mnara, na usingizi wa nyumba nzima utarudi.

Kutoulizwa nako ni dhuluma inayojitegemea, hata kama vipimo vikitoka vizuri. Msiivalishe nguo ya saratani ili isikilizwe. Lamu inajua nguvu ya hoja hiyo: mwezi Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa, ile inayosikiliza rufaa za leseni za NEMA, ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, na upungufu wa kuwashirikisha wananchi ulikuwa sababu kubwa. Busta si mtambo wa makaa, wala siwaahidi matokeo yaleyale. Lakini ulizeni ni majirani gani walihojiwa, lini, na saini zao ziko wapi. Kama kuna saini za watu wasiokuwepo, mwanasheria atajua pa kwenda nazo, na muda wa kukata rufaa ni mfupi, kwa hiyo msikae.

Jirani mpelekee wazee wawili, au nenda mwenyewe na shangazi yake. Yeye alipewa karatasi akasaini, na pengine hakuelezwa zaidi yenu. Mkiwa naye barua yenu ina uzito maradufu, kwani kiwanja ni chake na nakala ya mkataba anayo: humo ndimo mnamokuta jina la kampuni, muda wa kukodi, na masharti ya jenereta.

Binti usimhamishe kwa sababu ya mnara. Kama daktari atasema alale hospitali au akae karibu nayo, hilo ni jambo jingine na mfuate. Kwa sasa alale chumba kilicho upande wa mbali na jenereta, penye dirisha.

Kaka yako mwambie asiweke bei ya nyumba ya marehemu baba yenu mpaka ripoti iwe mezani. Mnunuzi akijua mnauza kwa hofu atawapa nusu, na mnara utabaki palepale.